Kilichomwasha Bosko Hakikuwa Mwilini Mwake

Mgeni aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu, hapa Casuarina, Malindi, alinipigia simu usiku wa manane kuniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mtu anagonga geti. Nilijitanda leso, nikachukua tochi, nikatoka. Getini hapakuwa na mtu. Alikuwapo Bosko, mbwa wetu wa ulinzi, ameketi upandeupande, mguu wa nyuma ukikuna ubavu kwa kasi, na kila uliposhuka kisigino chake kiligonga bati la geti: ko, ko, ko, ko. Nilipommulika alinyamaza, akatikisa mkia mara moja, kisha akajipinda na kuanza kujing'ata pale mkia unapoanzia, akitafuna manyoya kwa meno ya mbele kama mtu anayemenya muwa.

Nilimweleza mgeni kwamba ni mbwa tu. Akacheka, akarudi kulala.

Mimi usingizi uliniruka.

Mbwa hujikuna, na mbwa wa uani hujikuna zaidi. Hilo peke yake lisingenikosesha usingizi. Lakini usiku ule, kwa mwanga wa tochi, niliona juu ya mkia wake kipande cha ngozi kisicho na unywele hata mmoja, kimegeuka rangi na kuwa kinene, na nikajua kwamba ngozi haifiki hapo kwa siku mbili tatu. Jambo hili lilikuwa likiendelea mbele ya macho yetu muda mrefu. Kuanzia hapo sikuweza kulitoa akilini: nini kinamwasha?

## Mbwa tunayemjua kwa sauti

Sitaeleza hapa kwa nini mbwa wa nyumba ya Mwislamu wa Malindi halali sebuleni. Kila anayesoma anajua habari ya mate yake, maji mara saba na mojawapo kwa udongo. Anajua vilevile kwamba mbwa wa kulinda mali ameruhusiwa, na kwamba tulisimuliwa chuoni habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Ninachotaka kusema ni matokeo ya mpango huu tulionao na mbwa wetu, nayo ni kwamba tunawajua kwa mbali. Bosko namjua kwa mbweko wake: najua anapombwekea mpita njia, najua anapombwekea nyoka, na najua anapobweka kwa sababu tu mbwa wa jirani amebweka. Manyoya yake sikuwa nimeyapekua hata siku moja, wala hakuna aliyekuwa ameyapekua.

Ndiyo maana swali la kwanza la daktari wa mifugo lilinishika pabaya.

"Anajikuna wapi, mama?"

Nilimjibu kwamba anajikuna kila mahali. Daktari, kijana mpole ambaye huzunguka kwa pikipiki hadi Mambrui, alitikisa kichwa akaniambia nimtazame mbwa siku chache, nisitazame kama anajikuna bali anaanzia wapi, na anatumia nini, kucha au meno au ulimi. Alisema kujikuna ni habari ndogo sana, kwa sababu magonjwa mengi ya ngozi ya mbwa huwasha. Habari kubwa ni mahali.

Mbwa mwenye upele, ule unaoletwa na mdudu aitwaye Sarcoptes anayechimba mashimo ndani ya ngozi, huanza kuharibika kwenye ncha za masikio, viwiko na visigino, na mara nyingi watu wanaomshika nao hutokwa na vipele vinavyowasha. Mbwa mwenye mzio wa vitu vya hewani, kama vumbi la ndani au chavua, hulamba nyayo, husugua uso kwenye zulia au ukuta, na makwapa yake huwa mekundu. Mzio wa chakula hufanana sana na huo, na hupenda masikio na sehemu za nyuma. Nyayo peke yake zikiwasha, huku kwetu lazima kwanza utafute funza. Mdudu huyo hakuwa wetu: alitoka Amerika, akaingia Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kufika Afrika Mashariki, akihamia kwa miguu ya watu na ya mbwa.

Na mbwa anayejing'ata kiuno cha nyuma, juu ya mkia na nyuma ya mapaja?

"Huyo," alisema daktari, "mpaka athibitishe vingine, ni wa viroboto."

## Kabla ya daktari, na baada yake kidogo

Nitapita haraka hapa, kwa sababu kila nyumba ina orodha yake. Shangazi yangu wa Shela alishauri ndimu. Jirani alishauri majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, ushauri ambao si wa kupuuzwa kabisa, kwa kuwa mwarobaini una viambato vinavyowachukiza wadudu, ila haukufanya zaidi ya kumpa Bosko harufu chungu. Fundi wa magari alileta oili chafu kwenye chupa ya soda, akasema ndiyo iliyoponya mbwa wote wa gereji. Hiyo niliikataa moja kwa moja, kwa sababu mbwa hujilamba, na kila unachompaka ngozini kinaishia tumboni. Oili iliyotoka kwenye injini ni sumu, nayo mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Vijana walimpeleka baharini, akarudi mchangamfu, akatulia siku hiyo na ya pili yake. Maji yoyote ya baridi humtuliza mbwa anayewashwa, lakini chumvi ikikaukia ngozini humkausha zaidi, na maji ya visima vyetu vingi ya kumsuuzia nayo yana chumvi.

Kulikuwa pia na sindano mbili, nazo nitazieleza kwa kuwa zilinifundisha jambo.

Ya kwanza ilikuwa ya steroidi. Bosko alilala usiku kucha, nasi tukalala. Baada ya muda mfupi bati likaanza kugonga tena. Steroidi hunyamazisha mwasho wa karibu kila aina, na kwa sababu hiyo haikuambii chochote kuhusu chanzo. Mbwa mwenye viroboto atatulia, mwenye mzio wa nyama atatulia, na wote wawili watarudi pale pale dawa ikiisha mwilini. Ikirudiwarudiwa ina madhara yake: kiu, njaa, ngozi kuwa nyembamba, kinga kushuka.

Ya pili ilikuwa ivermectini, ambayo katika maduka ya dawa za mifugo ndiyo huchukuliwa kuwa jibu la kila kinachowasha. Ni dawa kubwa. Waliogundua asili yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Huua wadudu wa upele. Lakini kiroboto mkubwa aliye juu ya mbwa haijali sana, na kwa mbwa wa jamii ya koli wenye kasoro fulani ya kijeni, iliyotambuliwa mwaka 2001, kipimo kikubwa huingia ubongoni na kuweza kuua. Bosko ni mbwa wa kienyeji, wa rangi ya mchanga, hivyo hilo halikumhusu. Alidungwa, na hali haikubadilika.

Daktari aliposikia hivyo alifurahi kidogo, jambo ambalo wakati ule liliniudhi. Kisha akashika ukingo wa sikio la Bosko na kuusugua kwa kidole gumba. Mbwa mwenye upele, akisuguliwa pale, mguu wa nyuma huanza kukuna hewa wenyewe. Bosko alisimama tu, akitazama paka juu ya ukuta.

## "Viroboto hana"

Tatizo lilikuwa kwamba hatukuona kiroboto.

Mzee anayetulindia uwanja alimpekua mchana kweupe na kutoa kupe wawili kutoka ndani ya sikio, basi. "Viroboto hana, mama," aliniambia, na nilimwamini, kwa sababu mzee huyu amefuga mbuzi maisha yake yote na jicho lake si la kubahatisha. Kwangu mimi hapo ndipo nadharia ya daktari ilipoanguka. Nilianza kufikiria chakula. Bosko hula ugali kwa dagaa na vichwa vya samaki, na mjini petu watu wengi wanaamini kwamba samaki ndiye humnyonyoa mbwa.

Daktari alikuja tena akiwa na kitana chenye meno ya karibu sana, kile cha kutolea mayai ya chawa. Nilivaa glavu za mpira, nikamshika Bosko kichwani, naye akakipitisha kitana kiunoni, kinyume na malalo ya manyoya, polepole mpaka kwenye ngozi. Hakikutoka kiroboto. Zilitoka chembe nyeusi, ndogo kuliko punje za ufuta, baadhi zimejikunja kama alama ya mkato. Alizikung'utia juu ya kipande cha shuka nyeupe.

"Ni mchanga huo," nilisema.

"Utie maji."

Nilichovya kidole kwenye kikombe na kudondosha tone moja. Kwa muda halikutokea lolote, na nilikuwa nafungua mdomo kusema neno. Kisha kando ya chembe moja palitokea duara la rangi ya kutu, likapanuka taratibu ndani ya uzi wa pamba. Halafu la pili, halafu yakaja mengi, mpaka shuka ikawa na madoa mekundu ya kahawia kila palipokuwa na weusi. Mchanga hautoi rangi. Ile ilikuwa damu ya Bosko, iliyopita tumboni mwa kiroboto, ikatoka upande wa pili na kukaukia kwenye manyoya.

Alinieleza kwa utulivu kwa nini wadudu wenyewe hawakuonekana. Mbwa mwenye mzio wa viroboto hawashwi na wingi wao, bali na mate yao. Kuumwa mara chache tu kunatosha kumchoma kiuno kwa siku nyingi. Na kwa kuwa anawashwa sana, anajing'ata na kujilamba mchana na usiku, na katika kufanya hivyo huwameza wale wachache walio juu yake. Mbwa asiye na mzio anaweza kubeba viroboto wengi akalala usingizi mzuri. Huyu wetu alikuwa msafi kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Nilibaki na swali moja ambalo daktari hakuweza kunijibu akiwa getini kwangu. Ikiwa anawameza wote, wanaofuata wanatoka wapi?

## Daftari la wageni

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za likizo ambazo wenyewe wako Ulaya sehemu kubwa ya mwaka. Baada ya Pasaka, masika yanapoingia, nyumba hufungwa: mapazia hushushwa, magodoro husimamishwa ukutani, majamvi hukunjwa. Julai na Agosti zinafunguliwa kwa wageni wa Kiitaliano, kisha tena Desemba. Kwa ajili hiyo ninalo daftari. Ndani yake huandika nani ameingia, nani ametoka, na nani amelalamika kuhusu nini.

Nilikuwa nikilipitia kwa jambo la umeme, wala si la mbwa, nilipokutana na malalamiko ya Julai yaliyofanana mno. Mgeni wa nyumba ya kona aliomba chandarua kingine. Aliyemfuata aliomba dawa ya mbu, akasema mbu wa hapa huuma mchana. Wa tatu alinionyesha picha ya vifundo vya miguu yake, vipele vyekundu viwili viwili na vitatu vitatu kwa mstari, hakuna hata kimoja juu ya goti.

Mbu hana sababu ya kukataa goti.

Nilirudi nyuma kwenye kurasa. Kabla ya nyumba kufunguliwa, palikuwa na wiki nyingi za ukimya, na kwa kadiri mzee wetu alivyokumbuka, Bosko katika miezi ile ya mvua alijikuna kidogo. Kishindo cha geti kilianza nyumba zilipofunguliwa. Sote tulikuwa tumesema ni unyevu, ni masika, ni majani mabichi. Lakini masika yalikuwa yamepita, upepo wa kusi ulikuwa unakausha kila kitu, na mbwa ndipo alipozidi.

Hapa ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii, na nilichokisoma kuhusu kiroboto kilinifanya nitazame uwanja wangu kwa macho mengine. Viroboto wakubwa, wale wanaoruka na kuuma, ni sehemu ndogo tu ya jumla yao. Hukadiriwa kuwa asilimia 5. Zile 95 zilizobaki ni mayai, mabuu, na wadudu waliofungwa ndani ya vifukofuko, na hao wote hawaishi juu ya mnyama. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku; mayai ni laini na makavu, hayanati, huanguka popote mnyama anapolala. Mabuu hukimbia mwanga, hujichimbia mchangani na kwenye nyufa, na chakula chao ni zile chembe nyeusi za damu kavu zinazodondoka pamoja na mayai. Jua la wazi huwaua, na ukavu huwaua. Wanachotaka ni kivuli, joto na unyevu wa wastani, mambo ambayo banda la makuti lenye sakafu ya mchanga, hapa Malindi, linayatoa mwaka mzima bila malipo.

Kisha buu husuka kifukofuko. Kifuko hicho hunata, na chembe za mchanga hujipachika juu yake hata usiweze kukitofautisha na mchanga wenyewe. Ndani yake kiroboto aliyekwisha kukomaa anaweza kungoja miezi mingi bila kula. Anangoja dalili za uhai: joto, pumzi, mtikisiko wa hatua. Zikifika, hutoka karibu papo hapo, mwenye njaa.

Fikiria sasa nyumba iliyofungwa tangu Aprili, veranda yake ya makuti ikiwa imelaliwa na wanyama mvua yote. Siku ya kwanza ya Julai familia inafungua milango, watoto wanakimbia, viti vinaburutwa.

## Lakini Bosko haingii humo

Hilo ndilo lililokuwa shaka langu kubwa. Bosko haingii kwenye nyumba za wageni. Hulala chini ya tangi la maji, ambako mchanga ni wa baridi. Basi viroboto walipandwa na nani?

Mtoto wangu ndiye aliyelitaja jibu bila kujua kwamba ni jibu, alipouliza kama anaweza kumchukua mmoja wa watoto wa paka waliozaliwa nyuma ya majamvi.

Lamu wanajivunia paka wao. Sisi Malindi tunao wengi vilevile, ila bila kujivunia. Nyumba ikifungwa, paka huhamia. Na kiroboto anayewasumbua mbwa karibu duniani kote si yule anayeitwa wa mbwa, bali ni Ctenocephalides felis, kiroboto wa paka. Paka walizaa verandani, wakalala mchana chini ya tangi, wakapisha nafasi usiku Bosko aliporudi zamu. Walikuwa wakipokezana kitanda, na kila aliyelala alimwachia mwenziwe kitu.

Ili kuthibitisha, nilifuata mbinu ambayo wenye kuchunguza wadudu huitumia: nilivaa soksi nyeupe ndefu za shule, nikazivuta mpaka magotini, nikatembea taratibu kwenye veranda ya nyumba iliyokuwa imefungwa, nikikanyagakanyaga. Pale penye majamvi nilisimama kidogo. Nilipotoka juani na kutazama chini, soksi ya kulia ilikuwa na nukta nyeusi zinazopanda.

Mzee alizitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Basi ndio hawa mbu wa Wataliano."

## Dawa ambayo ingeua wengine

Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kupuliza uwanja mzima dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sikulikubali, na sababu yangu ilikuwa paka. Dawa nyingi za kupe na viroboto zina sumu ya wadudu iitwayo permethrini, ambayo mbwa huivumilia lakini paka hana uwezo wa kuivunja mwilini. Humtetemesha, na inaweza kumuua. Kumpaka paka dawa ya mbwa ni kosa linalotokea mara nyingi sana duniani, kwa sababu kiroboto ni yuleyule na kichupa kinafanana.

Tulichofanya kilikuwa cha polepole. Bosko alianza vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini, ambavyo huingia kwenye damu na kumuua kiroboto saa chache baada ya kuuma. Ni ghali, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba vinaweza kuleta kifafa kwa baadhi ya mbwa, hivyo daktari aliniuliza kwanza kama Bosko amewahi kuanguka. Paka tuliowaweza kuwashika walitiwa matone yao wenyewe shingoni. Majamvi ya zamani yalichomwa. Vitambaa vya viti vilichemshwa. Mchanga wa juu chini ya tangi na verandani ulikwanguliwa kwa jembe na kuanikwa juani, na ndani ya nyumba tukatumia dawa inayozuia mabuu kukomaa, badala ya ile inayoua kila chenye miguu sita. Mzee alisimamia yote hayo kwa hamasa ambayo sikuitarajia.

Na Bosko akaendelea kujikuna.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zile za kutojua. Niliona bado kiroboto mmoja mmoja, na nikaanza kudhani kwamba dawa ni bandia, au kwamba soksi zangu zilinionyesha kweli isiyohusika. Daktari hakuyumba. Alisema hakuna dawa inayopenya kifukofuko vizuri, kwa hiyo waliokwisha kufungwa ndani kabla hatujaanza wataendelea kutoka, na kila mmoja atauma kabla ya kufa. Kwa mbwa wa kawaida hilo halina uzito. Kwa Bosko kila kuumwa ni siku nyingine za moto. Aliniambia nisihukumu lolote kabla ya miezi mitatu, na badala ya kufunga nyumba niache milango wazi na watu wapite, ili waliojificha watoke haraka waishe. Kwa hiyo tulikuwa tukitembea verandani kila jioni bila shughuli yoyote. Majirani waliuliza. Tulisema tunanyoosha miguu.

Ilipofika mwisho wa Septemba bati la geti lilinyamaza. Ngozi juu ya mkia ilianza kuota unyoya mfupi, mweusi kuliko wa kwanza.

## Kilichobaki

Ningependa kuishia hapo, lakini Bosko bado hulamba nyayo za mbele, na masikio yake yana harufu ya mafuta yaliyochacha. Daktari alichukua uchafu wa sikio kwa pamba, akautazama kwa hadubini, akakuta kuvu waitwao Malassezia, ambao huishi kwa mbwa wengi na huzidi pale ngozi inapokuwa imechafuka kwa sababu nyingine. Tunawatibu. Hiyo sababu nyingine ndiyo tunayoitafuta sasa.

Alinieleza jambo ambalo nimelifikiria sana. Mwasho hujumlishwa. Mbwa anaweza kuwa na mzio mdogo wa vumbi, kuvu kidogo masikioni na asijikune kabisa, kwa sababu jumla haijafika pale mwili unaposhindwa kuvumilia; waongeze viroboto watatu, na jumla inavuka. Ukiwaondoa viroboto, mbwa hutulia, ingawa yale mengine yote bado yapo. Nilikuwa nimetafuta kitu kimoja cha kulaumiwa, na huenda katika miezi ya mvua, alipojikuna "kidogo", hicho kidogo kilikuwa na chanzo chake.

Inawezekana ni chakula, inawezekana ni vumbi. Vipimo vya damu vya mzio wa chakula vinauzwa, lakini daktari alinikataza kuvipotezea pesa, kwa kuwa kwa mbwa majibu yake hayaaminiki. Njia inayoaminika ni ya zamani: kumlisha kwa muda wa wiki 8 nyama na wanga ambavyo hajawahi kuvila, bila kitu kingine chochote, kisha kumrudishia chakula chake cha zamani na kuona kama mwasho unarudi. Alisisitiza kwamba tusingeweza kulifanya hilo kwanza. Tungebadilisha chakula Julai viroboto wakiwa kazini, asingepona, nasi tungeapa kwamba chakula hakihusiki. Dagaa wenyewe, alisema, si washukiwa wa kwanza. Kwa mbwa, nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano hutajwa zaidi.

Ngano inanitia wasiwasi, maana mwanangu humrushia Bosko kipande cha hamri kila asubuhi na anakataa kwamba anafanya hivyo.

Tumechagua nyama ya mbuzi na viazi vitamu. Jaribio litaanza wageni wa Desemba wakishaondoka, kwa sababu wakiwapo siwezi kumkinga mbwa na makaroni yanayotupwa juu ya ukuta. Muuza nyama, nilipomwomba bei ya mbuzi wa kila wiki kwa miezi miwili, alitaka kujua ni harusi ya nani na kwa nini hakualikwa. Nilimwambia ni ya mbwa. Amenipa bei ya harusi.